Nani Anatusomea Dunia?



Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura New York juu ya uvamizi wa Urusi nchini Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi yake. Nchi 5 zilipinga. Nchi 35 zikajizuia. Wakati ule Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa na wanachama sita, maana Kongo ilikuwa bado haijaingia. Kenya na Rwanda zilisema ndiyo. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini zikajizuia. Jumuiya moja, siku moja, ukumbi mmoja, na majirani hawakukubaliana.

Kura ile ilizungumzwa sana. Wachambuzi wa London, Washington na Brussels walieleza kwa nini Afrika haikusimama pamoja. Huyu alisema ni silaha za Moscow, yule akasema ni ngano, mwingine akakumbusha misaada ya Wasovieti enzi za vita vya ukombozi. Hakuna kati ya hayo lililokuwa uongo mtupu. Ila yote yalituangalia kutokea mbali na kututia kapu moja. Hayakuweza kueleza kwa nini Nairobi na Dar es Salaam, watu wanaooana, wanaouziana vitunguu na mahindi, walipiga kura mbili tofauti.

Majibu yapo, na yapo nyumbani. Tanzania ilijifunza mapema gharama ya kuchaguliwa marafiki. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilikatisha msaada wake wa kijeshi kwa sababu, baada ya Muungano na Zanzibar, Ujerumani Mashariki iliruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akawaambia Wajerumani wachukue na misaada iliyobaki. Desemba ya mwaka huohuo Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa. Nchi iliyopita hapo haijizuii kupiga kura kwa kubahatisha. Kuna desturi ya miaka karibu sitini nyuma ya kidole kile, uipende au usiipende.

Kenya nayo ina historia yake. Ilipata uhuru Desemba 1963 huku Somalia ikidai sehemu ya kaskazini-mashariki kwa hoja kwamba wakazi wake ni Wasomali, na vita vya shifta vikaendelea hadi 1967. Sasa rudi nyuma usikilize tena hotuba ya Balozi Martin Kimani kwenye Baraza la Usalama, usiku wa tarehe 21 Februari 2022, siku tatu kabla ya vita. Alisema kwamba mipaka ya Afrika haikuchorwa na Waafrika, kwamba ndugu walitenganishwa na mistari ya wakoloni, na bado tulichagua kuiheshimu kuliko kumwaga damu kwa kuwafuata wenzetu waliobaki ng'ambo. Ulimwengu uliipokea kama hotuba nzuri juu ya Ukraine. Mtu anayeijua Garissa na Wajir, kule kaskazini-mashariki, aliisikia kama hotuba juu ya Kenya.

Hilo ndilo jambo ninalotaka tulizungumze leo. Dunia inabadilika mpangilio wake. Marekani si ile ya 1991, China si ile ya 1971, Urusi imerudi kwenye vita, mataifa ya Ghuba yanashika bandari huku na huku. Wako wasomi ambao kazi yao ni kuyachunguza mabadiliko haya, kuyapima na kuyaandika. Swali langu ni hili: wetu wako wapi, wako wangapi, na tunawapa nini wafanyie kazi?

Somo lenyewe la siasa za kimataifa, kama somo la chuo kikuu, halina umri mkubwa. Kiti cha kwanza cha uprofesa kilianzishwa 1919 Aberystwyth, Wales, kikapewa jina la Rais Woodrow Wilson wa Marekani, kwa fedha za ukoo wa David Davies uliotajirika kwa makaa ya mawe. Nia ilikuwa njema. Vijana kwa mamilioni walikuwa wamekufa katika vita, na waliobaki walitaka kuelewa ilikuwaje, ili isitokee tena. Lakini mwaka huohuo wa 1919 Waingereza na Wabelgiji walikaa kuigawana iliyokuwa koloni la Mjerumani: Tanganyika huku, Ruanda na Urundi kule. Watu wetu waliobeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili vitani na kufia njiani hawakuulizwa lolote. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza somo hili lilijali sana amani ya baadhi ya watu, na wengine wakabaki kuwa eneo la kugawanywa.

Baada ya Vita vya Pili somo lilihamia Marekani, na huko ndiko vilikoandikwa vitabu ambavyo wanafunzi wetu wanavisoma hadi leo. Francis Fukuyama aliandika 1989 kwamba huenda historia imefika mwisho na uliberali umeshinda. Samuel Huntington akajibu 1993 kwamba vita vijavyo vitakuwa vya staarabu. Alipozihesabu staarabu hizo, Afrika aliiweka mwisho kabisa, na kwa shaka. John Mearsheimer wa Chicago alieleza 2001 kwamba mataifa makubwa yamehukumiwa kugombana, hata yakiongozwa na watu wema.

Na 2017 akaja Graham Allison wa Harvard, na hapa naomba tusimame kidogo. Allison alichunguza mashindano 16 ya miaka 500, ambapo taifa linaloinuka lilikabiliana na taifa lililokwishatawala. Alitaka kujua kama China na Marekani zitapigana. Katika mashindano hayo 16, kwa hesabu yake, 12 yaliishia vitani na 4 yaliepuka vita. Moja ya hayo manne yaliyoepuka vita ni mashindano ya Marekani na Umoja wa Kisovieti.

Msikilizaji, chukua hesabu hiyo umpelekee mtu wa Angola. Nchi yake ilipata uhuru Novemba 1975 huku majeshi na silaha za kambi zote mbili zikiingia, na bunduki hazikunyamaza hadi 2002. Mpelekee mtu wa Msumbiji, Mvietnamu, Mkorea. Mwambie kwamba mashindano yale yalikwisha bila vita. Allison hakudanganya, kwa maana alikuwa anauliza kama wakubwa wawili walipigana wao kwa wao, na kweli hawakupigana. Ila swali lenyewe limetungwa mahali ambapo mabomu hayakuanguka. Msomi wa Luanda au Maputo angetunga swali jingine: wakubwa wanaposhindana bila kugusana, nani anapigwa? Kwetu sisi hilo ndilo swali la mwanzo, na ni la hatari hasa katika miaka hii tunayoiishi. Ndiyo maana nasema hatuwezi kuazima maswali. Ukiazima swali, umeazima na jibu.

Wapo watakaosema kwamba hii ni tamaa kubwa kupita uwezo wetu. Nawajibu kwamba tumekwishafanya. Kulikuwa na wakati ambapo mpangilio wa dunia ulisomwa na kufafanuliwa hapahapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Makerere, Kampala, na dunia ikatusikiliza.

Walter Rodney wa Guyana alifundisha Mlimani mara mbili, na mara ya pili aliondoka 1974. Kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972, London na Dar es Salaam kwa pamoja, huku kikichapishwa na Tanzania Publishing House. Giovanni Arrighi, Mwitaliano, alifukuzwa Rhodesia 1966 na utawala wa walowezi, akapokelewa Dar es Salaam, akakaa hadi 1969. Alichojifunza kusini mwa Afrika juu ya ardhi, vibarua na mtaji alikibeba maisha yake yote. Mwaka 1994 alitoa kitabu kilichoeleza namna ukuu wa dunia ulivyohama kutoka Genoa kwenda Uholanzi, kutoka Uholanzi kwenda Uingereza, na kutoka Uingereza kwenda Marekani; na namna kila mkubwa, anapoanza kuchoka, anavyoacha kuzalisha bidhaa na kugeukia kuchezesha fedha. Mwaka 2007 akaandika juu ya China. Leo mwanafunzi wa Berlin au São Paulo anayetaka kuelewa kwa nini Marekani inayumba anaanzia kwa Arrighi, wala hajui kwamba njia yake ilipitia Mlimani.

Wenyeji nao hawakukaa kusikiliza tu. Issa Shivji alikuwa bado kijana alipochapisha uchambuzi wake wa matabaka katika jarida la wanafunzi lililoitwa Cheche, mwaka 1970. Baadaye Dani Nabudere, Yash Tandon, Mahmood Mamdani, Shivji na wenzao wakabishana miaka mingi, kwa ukali, juu ya ubeberu ni nini na nani hasa anaitawala dola ya Kiafrika. Mabishano hayo yalikusanywa kitabuni 1982. Ukiyasoma leo utaona lugha yao ya Kimarx imechakaa sehemu nyingi, na wakati mwingine walikaliana kooni kwa ajili ya neno moja la Lenin. Lakini walikuwa na jambo ambalo leo silioni kirahisi: waliamini kwamba ni haki yao na kazi yao kuufafanua ulimwengu mzima, si kata yao tu.

Na Makerere alikuwepo Ali Mazrui.

Mazrui alizaliwa Mombasa, Februari 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa akitoa magazeti mjini Mombasa, Sahifa na kisha Al-Islah, akiandika juu ya hali ya Waislamu wa pwani, juu ya ukoloni, na juu ya nguvu ya Ulaya duniani. Nataka mlishike hilo. Miaka ya 1930, mtu wa Mombasa alikuwa akichambua siasa za dunia kwa Kiswahili, kwa ajili ya wasomaji wa Mombasa. Kwa hiyo hata haya tunayoyafanya leo redioni si mapya.

Mwanawe alisoma Manchester, Columbia na Oxford, akaongoza idara ya siasa Makerere. Kitabu chake cha 1967 kiliuliza swali ambalo bado linatukaba: nani atailinda amani ya Afrika, Waafrika wenyewe au wageni? Mwaka 1970 alikutana na Rodney kwenye mjadala Makerere, mmoja mliberali wa aina yake, mwingine mwanamapinduzi. Idi Amin alipoifanya Kampala mahali pasipokalika kwa watu wa kusema, Mazrui aliondoka, akaishia Michigan na baadaye Binghamton, New York.

Katika miaka hiyo kulikuwa na mradi wa kimataifa wa kufikiria mpangilio mwingine wa dunia. Wasomi wa mabara mbalimbali walitakiwa kila mmoja aeleze dunia ya haki ingekuwaje ikiangaliwa kutoka kwake. Rajni Kothari aliandika kutoka India, Johan Galtung kutoka Norwei, Richard Falk kutoka Marekani. Afrika iliandikiwa na Mazrui, 1976. Hoja yake ilikuwa kwamba wenzake walitilia mkazo sana uchumi na silaha, wakasahau utamaduni: lugha, dini, muziki, namna ya kulea. Anayetawala mawazo ya watu, alisema kwa maelezo yake, hahitaji sana kutawala ardhi yao.

Kisha 1979 akapewa mihadhara ya Reith ya BBC. Ni mihadhara ya redio, msikilizaji, redio kama hii unayoisikiliza sasa. Kwa wiki sita msomi wa Mombasa aliwaeleza Waingereza hali ya Afrika. Katika hitimisho alitoa hoja iliyowashtua wengi: kwamba Afrika isikubali kunyimwa silaha za nyuklia na watu wanaozilimbikiza wao wenyewe, kwamba pengine wakubwa hawataogopa silaha hizo mpaka wazione mikononi mwa wadogo, na hapo ndipo watakapokubali kuziharibu zote. Mimi sikubaliani naye hata kidogo. Bomu mikononi mwa serikali za enzi ile, za Amin na Mobutu, lingekuwa msiba, na Afrika ilifanya vizuri iliposaini mkataba wa Pelindaba 1996 na kulifanya bara kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Lakini naheshimu ujasiri wa swali. Hakuomba ruhusa ya kulifikiria.

Mwaka 1986 vipindi vyake tisa vya televisheni juu ya Waafrika na urithi wao wa aina tatu, yaani wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi, vilionyeshwa Uingereza na Marekani. Taasisi ya serikali ya Marekani iliyosaidia kugharamia, chini ya Lynne Cheney, ilivikasirikia hadi ikaondoa jina lake kwenye orodha ya wafadhili, ikidai vinailaumu Magharibi mno. Vipindi vilionyeshwa hata hivyo. Mazrui alifariki Oktoba 2014, akarudishwa Mombasa, akazikwa kwenye makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus. Ila naomba tulitafakari tukio lile la Cheney bila kulipita haraka. Mwafrika alieleza dunia jinsi anavyoiona, na mwenye fedha akaudhika. Kama fedha zote zingekuwa za huyo mmoja, tusingeviona vipindi vile.

Na huo ndio ugonjwa uliotupata baadaye.

Miaka ya 1980 uchumi wetu ulianguka. Tanzania, baada ya vita vya Kagera na bei za mafuta, iliishia kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa 1986. Mishahara ya wahadhiri ilipoteza thamani. Majarida kutoka nje yaliacha kufika maktaba. Benki ya Dunia ilikuwa ikishauri kwamba fedha ya umma ina faida zaidi shule za msingi kuliko vyuo vikuu. Na tusiwalaumu wageni peke yao. Cheche lilipigwa marufuku na wakubwa wa nyumbani, Novemba 1970. Nairobi, 1982, wahadhiri waliwekwa kizuizini kwa ajili ya mawazo yao, Al-Amin Mazrui, si yule Sheikh, akiwa mmoja wao. Serikali zetu zilitaka wasomi wanaoeleza ubeberu wa mbali. Walipogeuka kueleza utawala wa karibu, milango ilifungwa.

Aliyebaki chuoni alilazimika kuishi. Kazi iliyolipa ilikuwa ushauri elekezi: shirika la nje linaleta swali, linaleta fedha, linataka ripoti baada ya wiki nane. Mamdani ameandika kwa uchungu jinsi hali hiyo ilivyoibomoa Makerere, katika kitabu chake cha 2007. Simlaumu mhadhiri aliyekuwa na watoto wa kusomesha. Lakini matokeo yake ni kwamba tunao mamia ya wataalamu waliotathmini miradi ya vyandarua, na ni wachache mno waliokaa miaka mitano wakaichunguza Beijing, Abu Dhabi, Moscow au Washington kwa niaba yetu.

Sasa nikueleze hasara yake, kwa mfano mmoja ambao watu wa pwani ya Kenya wanaujua vizuri.

Mwaka 2014 Kenya ilikopa kwa Benki ya Exim ya China ili kujenga reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi. Treni ikaanza safari mwishoni mwa Mei 2017. Mwishoni mwa 2018 ikavuja barua ya wakaguzi wa hesabu, na habari zikaenea kwamba Bandari ya Mombasa imewekwa dhamana. Kwamba Kenya ikishindwa kulipa, Wachina watachukua Kilindini. Mpakua mizigo aliogopa, wakili aliogopa, mbunge alipiga kelele. Serikali ilikanusha, lakini mkataba ulikuwa siri, na kukanusha bila karatasi hakumridhishi mtu. Mabishano yakaendelea zaidi ya miaka mitatu.

Nani alikuja kulijibu swali hilo kwa uchunguzi wa kina? Deborah Brautigam na wenzake, kutoka kituo cha utafiti wa China na Afrika cha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Washington. Mwaka 2022 walitoa andiko wakionyesha kwamba wakaguzi waliisoma vibaya mikataba ile. Kwamba mamlaka ya bandari haikuwa mkopaji. Kwamba kifungu cha kuacha kinga ya dola, kilichowatisha wengi, ni cha kawaida katika mikopo ya kibiashara duniani na hakimaanishi kuikabidhi bandari. Novemba ya mwaka huohuo, serikali mpya ya Kenya ikatoa hadharani sehemu za mikataba, na wananchi wakaona mambo mengine ya kweli ya kuhoji: masharti ya usiri, na migogoro kupelekwa kwa wasuluhishi Beijing.

Namshukuru Brautigam. Amefanya kazi ya kisomi, na ameifanya vizuri, hata pale wakubwa wa mji wake walipopenda kusikia hadithi ya mtego wa madeni. Lakini ni bandari yetu. Hofu ilikuwa yetu na deni tunalilipa sisi. Ilikuwaje tukasubiri Washington itusomee mkataba wa Mombasa? Angalia tofauti na Tanzania katikati ya 2023, makubaliano na Dubai juu ya bandari yalipofika bungeni na maandishi yake yakawa mikononi mwa watu. Wanasheria waliyachambua ibara kwa ibara, misikitini na makanisani watu walijadili vifungu, kesi ikafunguliwa Mbeya. Uwe uliunga mkono au ulipinga, mjadala ule ulikuwa na kiini, kwa sababu karatasi ilionekana.

Kuna mfano mwingine, na huu unanipa moyo. Umoja wa Ulaya ulipotaka mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule uitwao EPA, wasomi wetu walikuwa tayari. Yash Tandon, yuleyule wa mabishano ya Mlimani, alikuwa amejenga tangu 1997 taasisi ya kuwafundisha wajumbe wa Afrika jinsi mazungumzo ya biashara ya dunia yanavyoendeshwa, na baadaye akaongoza Kituo cha Kusini kule Geneva, kilichotokana na tume aliyoiongoza Nyerere. Wasomi hao wakapiga hesabu ya viwanda vitakavyokufa na ushuru utakaopotea. Rais mstaafu Benjamin Mkapa akaandika hadharani kuupinga mkataba. Kenya na Rwanda zilisaini Septemba 2016. Tanzania ilikataa, na Novemba mwaka huo Bunge la Dodoma, baada ya kuwasikiliza wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, likaishauri serikali isisaini.

Je, Kenya ilikosea? Hapana, si rahisi hivyo. Wenzake wote katika jumuiya walihesabiwa nchi maskini zaidi, nao waliweza kuuza Ulaya bila ushuru hata bila mkataba. Kenya haikuwa na bahati hiyo. Mwishoni mwa 2014, kwa karibu miezi mitatu, maua yake yalitozwa ushuru Ulaya, na wafanyakazi wa Naivasha waliona kazi zao zikitikisika. Hatimaye Kenya ilisaini mkataba wake peke yake Desemba 2023, ukaanza kazi Julai 2024. Majirani wawili walipiga hesabu zao, wakapata majibu mawili, na kila mmoja alijua kwa nini. Hivyo ndivyo tofauti zetu zinavyopaswa kuwa: tofauti zilizochunguzwa.

Sisemi kwamba tumelala kabisa. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini kipo tangu 1978, kilipoanzishwa na Tanzania na Msumbiji kwa pamoja. Nairobi ina taasisi yake ya diplomasia ya miaka mingi. Dar es Salaam ina kituo cha masomo ya China, na ina maktaba kubwa iliyozinduliwa 2018, yenye uwezo wa kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, iliyojengwa kwa msaada wa China. Nyaraka za Dakta Salim Ahmed Salim, aliyeiwakilisha Tanzania Umoja wa Mataifa miaka ya 1970 na aliyezuiwa kwa kura ya turufu ya Marekani alipogombea ukatibu mkuu 1981, zimewekwa mtandaoni kwa kila mtu kusoma. Kijana anayetaka kujua jinsi mataifa makubwa yanavyochagua kiongozi wa Umoja wa Mataifa anaweza kuanza leo usiku, akiwa na simu tu.

Lakini jengo na nyaraka havijiandikii vitabu. Inatakiwa fedha ya ndani, hata ikiwa kidogo, ili tusimtegemee Mchina atugharamie kumchunguza Mchina, wala Mmarekani atugharamie kumchunguza Mmarekani. Inatakiwa vijana wajifunze Kichina cha kusomea mikataba na magazeti ya chama, si cha kumsalimia mtalii, Kiarabu cha Ghuba, ambacho watu wa Unguja na Mombasa wana njia fupi ya kukifikia kuliko wengi duniani, na Kirusi. Inatakiwa mikataba ya mikopo itolewe hadharani, na wizara za mambo ya nje zifungue kumbukumbu zao za miaka ya nyuma. Na inatakiwa mhadhiri aweze kuandika kwamba serikali yake imekosea kura, kisha alale nyumbani kwake.

Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki liko Kampala, na linahudumia nchi zote za jumuiya. Lingeweza kuanzisha programu moja ya uzamivu ya pamoja juu ya mataifa makubwa, wanafunzi wakazunguka Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura na Kinshasa, kama walivyozunguka wasomi wa miaka ya 1960. Na yaandikwe kwa Kiswahili pia. Sheikh Al-Amin aliweza kwa mashine ya kuchapia ya miaka ya 1930.

Waheshimiwa wabunge mnaonisikiliza, wa Dodoma, Nairobi na Kampala, na nyinyi wa Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha: kila mwaka mnaletewa makadirio ya wizara ya elimu na ya mambo ya nje. Safari hii ulizeni swali moja. Kati ya fedha zote hizo, ni kiasi gani kinakwenda kwa mtafiti wetu anayeichunguza China, Marekani, Urusi au Ghuba? Takeni jibu kwa tarakimu, na mtusomee sisi wananchi kwenye redio hii.